Elfu Tano Mia Nane

Nkubu
Jumapili, 14 Aprili 1996

Kwa Madam Mwanatatu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi huwa nalizunguka, nikifika hapo nasema tu "na mengine unayoyajua." Ile barua ya Mama ya kukataa kazi ya chuo kikuu chenu haikupotea njiani. Iko hapa chini ya godoro langu, upande wa ukutani, na stempu zake zote. Nilitumwa kuiposti Jumanne baada ya Pasaka. Nilifika mpaka kwenye sanduku la posta, nikainua mkono, mkono ukakataa.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Wawira, binti ya Mwalimu Nelius, yule uliyekuwa ukimsimamisha asome kwa sauti na sauti inapotea. Sasa niko kidato cha tatu, Mama ndiye ananifundisha Kiingereza, na sauti bado inapotea. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha Mama. Nikikitumia naona kalamu yake nyekundu pembeni, najirekebisha kabla sijasema ukweli.

Madam, wewe ndiye uliyemtumia Mama zile fomu, kwa hivyo lazima nikueleze. Alipotoka Nairobi kwa mahojiano mwezi wa pili alivua viatu mlangoni akacheka peke yake. Akaniambia nilete atlasi. Wiki tano ile atlasi ilikaa mezani imefunguliwa kwenye Ghuba, huko uliko, tukala chakula tukiizunguka, na Baba akija kutoka shambani Mitunguu alikuwa akiweka kikombe chake juu ya Irani na Mama anakitoa. Sijawahi kumwona Mama hivyo. Alikuwa akipasi nguo akiimba.

Halafu ikaja barua ya kazi yenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akachukua penseli. Mshahara umeandikwa dirhamu 5,800. Alikuwa ameulizia benki, wanasema dirhamu moja ni kama shilingi kumi na tano. Akazidisha, akapata elfu themanini na saba. Akagawa kwa kumi na mbili. Elfu saba, mia mbili na hamsini kwa mwezi. Hapa Mama anapata elfu nane na kitu, na nyumba ni ya shule. Alikunja karatasi akasema, "Wanataka nivuke bahari nikafundishe kwa hela ya kuchuma kahawa." Kesho yake atlasi ikarudi kabatini.

Kwanza, pole sana, Madam. Sisi hatukujua unaishi hivyo. Mama anasema labda unaona haya kurudi.

Pili, kuna vitu katika barua hiyo vilivyonifanya niisome mara mbili. Nyumba bure. Tiketi ya ndege kila mwaka. Kwa nini watu watoe tiketi ya ndege halafu wakunyime mshahara? Ndiyo sababu mkono ulikataa. Nataka kujua kwako kabla sijaiposti. Wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini mwezi wa sita. Unafundisha vipindi vingapi? Unakula vizuri? Jibu kwa jina langu, mimi ndiye huchukua barua za sanduku letu kila Ijumaa. Tafadhali usimwambie Mama.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Wawira


30 Aprili 1996

Wawira mwanangu,

Barua yako niliisoma darasani wasichana wangu wakiandika insha. Nilicheka mpaka mmoja akaniuliza kama aniletee maji.

Kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Elfu tano mia nane si ya mwaka. Ni ya mwezi. Huku hakuna mtu anayetaja mshahara wa mwaka, ndiyo maana hawakuona haja ya kuandika. Tarehe ishirini na tano inaingia benki elfu tano mia nane, na mwezi unaofuata inaingia tena.

Usimcheke Mama. Barua zote za mshahara tulizowahi kuandikiwa kwetu ni za mwaka mzima, tena kwa zile pauni za shilingi ishirini ambazo hakuna aliyewahi kuzishika mkononi. Macho yakishazoea kugawa kwa kumi na mbili yanagawa tu. Mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza nilikwenda kwa mhasibu kumrudishia, nikamwambia bwana umenilipa mwaka mzima kwa makosa. Alinitazama kama mgonjwa.

Kosa ni langu. Miaka miwili sijaandika kiasi ninachopata, naandika "inatosha, alhamdulillahi." Unamjua baba yangu, mzee Jamaldin. Barua zangu husomwa pale buchani kwake Embu kwa sauti, wateja wakingoja nyama. Ningeandika tarakimu, kabla ya magharibi mtaa wote wa Majengo ungekuwa na shida ya kunieleza.

Sasa wewe nakuambia yote, nawe umwambie Mama, asije akasema nilimficha. Nafundisha saa ishirini na mbili kwa wiki na kusahihisha insha sitini kila Alhamisi. Wanawake tunafundisha wasichana, wanaume wavulana, na lango ni tofauti. Nyumba ni chumba kimoja na sebule, maji na umeme ni vya chuo, kiyoyozi kinanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi lakini ukikizima mwezi wa saba utaiva. Pasipoti inakaa kwenye droo ya ofisi. Nikitaka kutoka hata wiki moja, naiomba kwa karatasi. Mkataba ni miaka miwili, ukiuvunja kabla ya mwaka unajilipia tiketi. Mlango wa pili kuna Mwingereza, shahada yake ni kama yangu, darasa lake limetazamana na langu, naye analipwa elfu tisa na nyumba ya vyumba viwili. Nilipouliza, nikaambiwa Kiingereza chake ni cha kuzaliwa nacho. Juzi alinijia nimweleze lini mtu atumie "whom."

Kwa hivyo si peponi. Lakini nimemjengea mama yangu nyumba ya mawe, na wasichana hawa wakikupenda wanakupenda kweli. Mama yako angewaweza.

Mwambie. Usingoje.

Wako,
Mwanatatu Jamaldin


Nkubu
Ijumaa, 17 Mei 1996

Madam wangu,

Niliifungua barua yako palepale posta, nikaisoma nimeegemea ukuta wa nje, kisha nikakimbia. Mimi. Nilikimbia kutoka posta mpaka kona ya hospitali, watu wakidhani nimefiwa. Muuza viazi kutoka Kibirichia alinishika mkono akaniuliza ni nani amelazwa.

Elfu themanini na saba kwa mwezi. Nimeipiga hesabu njia nne, ikiwemo ya vijiti kama darasa la kwanza. Ni zaidi ya mara kumi ya Mama. Mama amefundisha miaka kumi na sita, Madam, na bado anakopa chaki za rangi kutoka shule ya jirani.

Sijamwambia bado. Najua ulisema nisingoje. Lakini nikimwambia mshahara lazima nimwambie na godoro, na nimekuwa nikitafuta namna ya kuanza. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikamuuliza kama chumvi imeisha. Mara ya pili pia.

Nimeshaanza kujitayarisha kimyakimya. Atlasi sasa iko kwangu. Nimejifunza herufi za Kiarabu kumi na moja kutoka kwa karatasi iliyofungia tende, sijui kama ndizo zote. Nimepanga kwamba nyumba ya chumba kimoja inatosha: Mama na Baba chumbani, mimi sebuleni chini ya kiyoyozi. Nilimuuliza Baba kwa kuzunguka, kama ndizi za Mitunguu zinaweza kuangaliwa na mtu mwingine miaka miwili. Alinitazama sana. Akasema, "Ndizi zinaweza. Wewe unataka kwenda wapi?" Nikasema ni swali la kilimo.

Sasa niambie haya tu ndipo nimwambie Mama. Tukija watatu, kuna shule ya kidato cha nne huko? Wasichana wanavaa sare ya rangi gani? Mwalimu anaweza kukaa darasa moja na mtoto wake kama hapa? Nakuuliza hilo la mwisho kwa sababu, na hili pia sijamwambia mtu, darasa la Mama ndilo pekee ambalo nikiulizwa swali najibu.

Ni mimi mwenye furaha,
Wawira


Nkubu
19 Mei 1996

Mpendwa Mwalimu Mwanatatu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nakuandikia Kiswahili tupumzike, maana Kiingereza tunakitafuna mchana kutwa.

Nimechelewa kukushukuru kwa zile fomu na kwa kunitaja kwa wakubwa wako. Wale watu walinipa kazi, lakini nilishawajibu mwezi uliopita kwamba siwezi. Usiwaze ni kitu walichoandika. Ni wasichana wangu wa kidato cha nne, siwezi kuwaacha mwaka wa mtihani. Na Baba Wawira naye na shamba lake, unajua wanaume wakiachwa peke yao wanaishi kwa mkate.

Nimekuwekea majani ya chai robo kilo na ndizi kavu za Mitunguu. Ni kidogo lakini ni za nyumbani. Dada, nikuambie kitu kama mkubwa wako kwa umri: kama maisha ya huko ni magumu, usione haya kurudi. Nafasi yako hapa haijajazwa vizuri. Aliyekuja ni kijana wa jiografia.

Wawira hajambo. Siku hizi ana jambo. Anatembea akitabasamu na ukuta, na amekuwa akiniuliza habari za chumvi. Nilidhani ni mvulana, lakini nikimtazama naona si hilo. Wewe alikuwa akikupenda. Ukipata nafasi mwandikie mistari miwili, mimi akiniona anafunga mdomo.

Wako,
Nelius Wanjira


1 Juni 1996

Wawira mwanangu,

Nimepata barua mbili wiki moja, yako na ya Mama. Amenitumia chai kwa sababu anadhani sina ya kununua. Nimeinywa yote, nikicheka na kulia kwenye kikombe kimoja.

Sasa nitakujibu lile uliloniuliza, na ningependa kulijibu nikiwa nimekushika mkono. Hamtakuja watatu. Mkataba wa familia wanapewa wanaume: mke, watoto, karo, tiketi. Mwanamke anaajiriwa peke yake, awe ameolewa au hajaolewa, na katika nyumba zetu hairuhusiwi mtoto kulala hata wiki moja. Angalia ukurasa wa pili wa barua ya kazi, mstari wa hali ya ajira. Nilipaswa kukuandikia hili mara ya kwanza. Nilikuandikia habari za Mwingereza na "whom" kwa sababu hizo ni rahisi kuandika.

Nakuambia na langu. Nilikuja huku nikamwacha binti yangu Safiya kwa mama yangu akiwa na miaka tisa. Ana kumi na moja sasa. Kila Ijumaa napiga simu dukani kwa jirani. Zamani alikuwa akisema "Mama, unakuja lini." Siku hizi anaitwa mara tatu ndipo aje. Mwezi uliopita alisema, "Tuma tu viatu, namba ni thelathini na nne." Nilikuwa nimenunua thelathini na mbili.

Na bado nikiulizwa kama ningekuja tena, ningekuja. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani, lakini ni kweli, na wewe umekuwa mkweli kwangu.

Kwa Mama yako sitaandika. Ile barua iliyo chini ya godoro ni yako kuisema. Lakini siku zimebaki chache. Akikubali asitumie posta, haitafika kwa wakati. Aweke sahihi ukurasa wa mwisho aende posta kuu Meru, wana mashine ya faksi, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ofisi yetu inafunga majina tarehe thelathini, na mwaka huu wanataka wanawake wawili tu.

Nakupenda sana,
Mwanatatu


Nkubu
Jumamosi, 15 Juni 1996

Madam,

Barua yako niliipata jana. Sikukimbia.

Nitakuambia nilichofanya kwa utaratibu wake. Nilirudi nyumbani nikatoa ile ya Mama chini ya godoro, nikaenda nayo tena posta. Nilijua nikiiposti kama ilivyo hakuna mtu duniani atakayenilaumu. Mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Ningekuwa binti mtiifu aliyechelewa kidogo. Ingechelewa, lakini wakingoja mpaka tarehe thelathini bila kupata faksi ingekuwa jambo lilelile, na Mama angekuwa hapa mezani kesho na kesho kutwa. Niliitumbukiza nusu, Madam. Nilikuwa nimeishika kwa vidole viwili. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Mtoto, posti au toka." Nikatoka.

Leo asubuhi tulikuwa tunachambua maharagwe. Nilimuuliza Mama. Sauti haikupotea, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa natazama maharagwe. Nikasema, "Mama, ile kazi ingekuwa nzuri, ungeniacha?"

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mpaka rundo lake likaisha. Akasema walimwambia palepale Nairobi kwamba ni yeye peke yake. Akasema alijua tangu siku ile alipovua viatu mlangoni.

Nikamuuliza mbona alikuwa akiimba.

Akasema, "Wawira, mimi sijawahi kuitwa mahali. Kila mahali nilipofika nilipelekwa. Shule nilipelekwa, Meru nikaletwa na ndoa, Nkubu nikapangiwa. Wale watu walinisikiliza saa nzima wakaniita kwa jina." Akafuta mikono kwenye leso. "Ningekuacha. Ningekuacha nikilia, na kila mwezi wa saba, wakifunga chuo, ningerudi na masanduku mawili. Lakini hayo yalikwisha, chota maji."

Nilichota maji. Nikiwa kwenye mfereji nilijua la kufanya, nikatamani kukimbia tena. Ni ajabu, nina furaha. Nina furaha kama siku ya atlasi. Mama yangu anaitwa mahali, na mimi ndiye niliye na hiyo habari, na hajui, sasa hivi yuko kwenye mazoezi ya kwaya akiwa maskini na atarudi akiwa tajiri.

Ameenda saa nane. Nimeweka mezani barua ya kazi, ukurasa wa mwisho juu. Nimeweka na yake ya kukataa, nikaandika nyuma ya bahasha kwa penseli: Mama, sikuiposti, nipige baadaye. Kalamu ya wino iko kando. Nimetafuta na nauli ya Meru kwenye mkebe wa sukari, ipo, nimeihesabu, na Jumatatu posta kuu wanafungua saa mbili.

Ya kwako ya Aprili nayo nitaiweka. Ile ya Juni, yenye Safiya na viatu, sitaiweka; namba ya faksi nimeinakili nyuma ya ile ya Aprili. Alishajua kwamba ataniacha. Hana haja ya kujua namba ya viatu.

Nikuambie sasa lile la mwisho, ambalo pia sijamwambia mtu, halafu tumalize kusema ukweli mimi na wewe. Sitaki aende. Sitaki hata kidogo. Darasani nitakuwa bubu mpaka kidato cha nne kiishe, na jioni kutakuwa na Baba na mkate. Nikiwaza mezani bila yeye napata baridi hapa kifuani. Kama angeuliza sasa hivi, "Wawira, niende?" ningesema usiende, na angekubali, hiyo ndiyo shida, angekubali mara moja na asinitajie tena mpaka anazeeka. Kwa hivyo lazima asiulize. Lazima aione ile tarakimu kwanza, ikiwa imeandikwa na wewe, na neno "mwezi" ambalo ulilipigia mstari chini mara mbili, na asione kingine chochote cha kwangu mpaka awe amekwisha kuweka sahihi. Nikisha

Lango limelia. Anakuja mapema, nasikia viatu vyake kwenye kokoto, na anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili. Yuko kwenye mfereji. Anajisugua matope kwenye jiwe la mlangoni.

Hii naiingiza ndani ya sweta. Yako ya Aprili naiacha mezani.